Maoni Yetu: Anza Daftari la Anwani na Kazi Leo

Fomu ya kuomba uraia wa Marekani inaitwa N-400. Watu wetu wengi huiogopa kwa ajili ya mtihani. Utawakuta zamu ya usiku wameweka simu mfukoni na waya masikioni, wanasikiliza maswali ya katiba, ya maseneta na ya vita vya zamani mpaka yamekaa kichwani. Kisha siku ya kujaza fomu inafika, wanafika penye anwani na kazi za miaka 5 iliyopita, na hapo kalamu inasimama.

Fomu inataka kila mahali ulipoishi katika miaka hiyo, ndani au nje ya Marekani: namba ya nyumba, namba ya apatimenti, mji, jimbo, msimbo wa posta, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Inataka pia kila mwajiri na kila shule, kuanzia ya sasa kurudi nyuma. Miezi uliyokaa bila kazi uiandike hivyo, kwamba hukuwa na kazi. Kama ulikuwa unabeba abiria au kupeleka chakula kwa oda za simu, andika kuwa umejiajiri. Pengo halitakiwi. Anayeomba kwa njia ya ndoa na raia huulizwa kipindi kifupi zaidi, miaka 3, lakini utaratibu ni ule ule.

Msimamo wetu ni huu. Sehemu hiyo isijazwe kwa kubuni hata mstari mmoja. Na kazi ya kuikusanya ianze siku mtu anapokabidhiwa funguo za nyumba yake ya kwanza, isingoje mwaka wa tano.

Tulikaa na mama mmoja jikoni kwake, Jumapili alasiri, bado amevaa kitenge cha ibada. Alitoka Fizi, Kongo, akiwa msichana, akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi, akazaa huko watoto wanne na hapa mmoja. Alileta mfuko mkubwa wa plastiki akaumwaga mezani. Zilitoka bahasha za hospitali ambazo hazijafunguliwa, kadi za chanjo, barua za shule, stakabadhi za kutuma pesa Kigoma na Uvira, na mkataba wa pango uliokunjwa mara nane. Binti yake wa miaka 14 alikuwa na kompyuta mbele yake, anauliza kwa Kiingereza, anajibiwa kwa Kiswahili. Mama, tuliingia hapa lini? Mama akajibu papo hapo: tuliingia wakati mdogo wako anaanza kukaa. Na ile nyumba ya nyuma tuliiacha lini? Baada ya kilio cha mjomba wako.

Binti alikata tamaa, akasema mama hakumbuki. Mama alikuwa anakumbuka vizuri sana. Tulichukua kadi ya chanjo ya mtoto wa mwisho, tukasoma tarehe ya kuzaliwa, tukahesabu miezi, tukapata msimu. Kisha tukatafuta kwenye simu picha za matanga ya mjomba, nazo zilikuwa na tarehe. Stakabadhi mbili za kutuma pesa, moja ya kabla ya kilio na moja ya wiki tatu baadaye, zilikuwa na anwani mbili tofauti za mtumaji. Mkataba wa pango ulipokunjuliwa, tarehe iliyoandikwa juu yake iliangukia katikati ya hizo mbili. Kazi ile ilichukua saa moja na nusu na birika moja la chai. Kwa muda wote huo hakuna tarehe hata moja iliyotungwa.

Tunaisimulia kwa sababu tumeona jinsi inavyofanyika kwingine. Anakuja mtu anayejua kuandika, anatoza dola mia na kitu, anajaza fomu nzima kwa nusu saa. Akifika penye tarehe isiyojulikana anasema, weka mwezi wa kwanza tarehe moja, hawaangalii. Na wazee wetu wanakubali, kwa kuwa hawajawahi kuona karatasi ya serikali ikijazwa kwa namna nyingine. Wengi wao waliandikwa kambini kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu karani hakuwa na muda wa kusikiliza kwamba mtu alizaliwa msimu wa mavuno, mwaka wa mafuriko. Tarehe ile imewafuata mpaka kwenye leseni ya udereva. Nyumba nzima inaweza kuwa na siku moja ya kuzaliwa, baba, mama na bibi. Lile lilifanywa na wengine, mezani kwa wengine. Anwani na kazi za hapa tunaziandika sisi wenyewe, na hakuna karani wa kutuharakisha.

Kwa mkimbizi, hesabu ya miaka hii ina jambo lake la pekee. Anaomba grini kadi baada ya kukaa mwaka mmoja, lakini akiipata, tarehe ya ukazi wake wa kudumu hurudishwa nyuma mpaka siku aliyoingia Marekani. Kwa hiyo akiomba uraia mara tu anapotimiza miaka 5 ya ukazi, miaka anayoulizwa ndiyo miaka yake 5 ya kwanza katika nchi hii. Ni ile miaka ambayo hakuweza kusoma bango la mtaa wake, ambayo apatimenti ilikodishwa na shirika la kupokea wakimbizi kabla hajatua, na kazini alipelekwa na gari dogo la kukusanya watu, alfajiri, kwa dereva aliyemjua kwa jina moja tu. Miaka migumu kuliko yote kuikumbuka ndiyo inayoulizwa.

Zaidi ya hapo, sheria inaruhusu kutuma maombi siku 90 kabla ya kutimiza miaka 5. Anayewahi hivyo atakuta miezi ya mwanzo ya hesabu bado iko kambini. Basi Nyarugusu inaingia kwenye fomu, Kakuma inaingia, Nakivale inaingia. Ziandikwe kama zilivyokuwa. Na zilingane na alichoandika alipoomba grini kadi, kwa kuwa fomu ile nayo iliuliza anwani na kazi za miaka 5, na nakala yake imo kwenye faili ambalo ofisa analo mbele yake siku ya usaili. Asiyekuwa na nakala za fomu zake za zamani anaweza kuliomba faili lake kwa idara ya uhamiaji, USCIS, mtandaoni, kwa kutumia ile namba inayoanza na herufi A. Aombe mapema, maana majibu huweza kuchukua muda mrefu.

Kwa nini tunasisitiza kutobuni? Kwa sababu usaili hufanyika chini ya kiapo. Ofisa anamtaka mtu ainue mkono wa kuume kabla ya swali la kwanza, kisha anapitia fomu naye: unaishi hapa tangu lini, kabla yake uliishi wapi, mwajiri wako ni nani. Mazungumzo hayo hayo ndiyo yanayopima Kiingereza chake cha kusema. Wazee waliokaa na grini kadi miaka 20 na kufika umri wa miaka 50, au miaka 15 na kufika 55, husamehewa Kiingereza na huweza kuja na mkalimani. Mwenye grini kadi ya miaka 5 hana msamaha huo kwa umri wake, ila kwa maradhi au ulemavu uliothibitishwa na daktari. Fikiria basi mzee anayesoma Kiingereza cha jioni kanisani, anaulizwa kuhusu nyumba ambayo tarehe zake zilitungwa na mtu mwingine. Angeulizwa kuhusu maisha yake mwenyewe, maneno kumi yangemtosha. Akiulizwa kuhusu maisha aliyotungiwa, atatazama chini, na ofisa ataandika.

Tofauti ya kusahau na kudanganya ni kubwa, na watu wetu wanastahili kuijua. Ukikosea mwezi, ukasema mbele ya ofisa, samahani, hapa tuliandika mwezi wa tano lakini tulihama mwezi wa sita, yeye husahihisha pale pale, na mwishoni wewe hutia saini kuthibitisha masahihisho. Hilo hutokea kila siku. Siku kamili usipoijua, andika makadirio, na kwenye sehemu ya maelezo ya ziada useme wazi kuwa ni makadirio. Hakuna anayenyimwa uraia kwa kuwa binadamu.

Uongo una njia yake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Divna Maslenjak, mkimbizi wa vita vya Bosnia aliyepata uraia 2007 na kuja kushtakiwa kwa kudanganya kuhusu mume wake na jeshi. Mahakama ilisema mtu havuliwi uraia kwa kosa hilo la jinai ikiwa uongo wake haukuchangia chochote katika kuupata. Wapo waliosikia humo ruhusa ya kudanganya kidogo. Haimo. Mahakama hiyo hiyo ilikwisha kusema 1988, katika kesi ya Kungys, kwamba ushahidi wa uongo wa mdomo, chini ya kiapo, wenye nia ya kujipatia faida ya uhamiaji, unamharibia mtu sifa ya mwenendo mwema inayotakiwa kwa uraia, hata kama jambo lenyewe ni dogo. Kungys alikuwa amesema uongo kuhusu tarehe na mahali alipozaliwa.

Na tangu Agosti 2025 kuna jambo jipya ambalo kila mwombaji alijue. Sheria ya uhamiaji inaipa serikali uwezo wa kumchunguza mwombaji pale anapoishi na pale anapofanya kazi, kwa kipindi cha miaka 5 au zaidi. Kwa miaka mingi uchunguzi huo haukufanywa kwa waombaji wa kawaida. Mwezi ule idara ilitangaza kuwa inaurudisha, na kwamba inaweza kumtaka mwombaji alete barua za majirani, waajiri au wafanyakazi wenzake. Anwani uliyoiandika inaweza kugongwa mlango. Ikiwa umeandika nyumba ya binamu kwa kuwa ndiko barua zako zinakofika, na jirani akasema hajawahi kukuona, una shida ambayo hukuhitaji kuwa nayo. Fomu ina nafasi mbili tofauti, ya mahali unapolala na ya mahali pa kupokelea barua. Zitumie zote mbili.

Hapa tuseme neno kuhusu nyumba za kukaribishana. Watu wetu hawaachani. Mtu akifika kutoka jimbo jingine kutafuta kazi, analala sebuleni kwa ndugu miezi mitatu, jina lake halimo kwenye mkataba wa pango, halimo kwenye bili ya umeme. Miezi hiyo mitatu ni makazi na inaandikwa. Kuhama kutoka apatimenti 12 kwenda apatimenti 30 katika majengo yale yale nako ni kuhama, na kunaandikwa. Wapo wanaoogopa kwamba kuandika sebule ya ndugu kutamletea mwenyeji ugomvi na mwenye nyumba. Tunaielewa hofu hiyo, lakini idara ya uhamiaji si mwenye nyumba, na pengo la miezi mitatu litaulizwa tu.

Kwenye kazi, tatizo kubwa ni wakala wa ajira. Uliza kijana wa Lexington au Des Moines anafanya kazi wapi, atakutajia kiwanda au ghala. Hapo ni mahali anapokwenda. Aliyemwajiri ni wakala, ambaye jina lake limeandikwa kwenye hati ya mshahara, na ambaye pengine kijana hajawahi kukanyaga ofisi yake. Mwaka mmoja mtu anaweza kuingia mlango ule ule wa kiwanda kile kile na kuwa na waajiri watatu, kwa kuwa kiwanda kilibadilisha wakala mara mbili. Tulimwona baba mmoja aliyeandika jina la kiwanda kwa miaka 4 mfululizo. Karatasi zake za kodi hazikuwa na jina hilo hata mara moja. Hakudanganya. Alisema alichokiona kila asubuhi juu ya lango. Lakini ofisa anayelinganisha fomu na kodi anaona majina yasiyofanana, na anaanza kuuliza.

Dawa ya hilo ni karatasi moja ambayo watu wetu huitupa mara tu kodi ikishajazwa: W-2, taarifa ya mshahara wa mwaka. Kila mwajiri anatakiwa kuitoa kabla Januari haijaisha. Tazama sanduku lenye herufi c: kuna jina na anwani ya mwajiri. Tazama sanduku lenye herufi f: kuna anwani yako wewe, kama mwajiri alivyokuwa nayo. Karatasi moja inakupa nusu ya unachoulizwa. Mwenye W-2 za miaka 5 ndani ya bahasha moja amekwisha kuvuka mto. Jina lililo kwenye W-2 ndilo la kuandika kama mwajiri, na kiwanda ulichopelekwa unaweza kukitaja kwenye maelezo ya ziada.

Aliyezitupa bado ana njia. Mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, hutoa bure taarifa ya mishahara ya miaka 10 hivi ya nyuma, kwa akaunti ya mtandaoni au kwa fomu 4506-T. Usishtuke ukiona majina ya waajiri yamekatwa, yamebaki herufi nne za mwanzo. Wanafanya hivyo kuzuia wizi wa utambulisho. Herufi nne mara nyingi zinatosha kumkumbusha mtu. Anayetaka majina kamili na anwani za waajiri wote ajaze fomu SSA-7050 ya hifadhi ya jamii, ambayo ina ada. Taarifa ya bure ya akaunti ya hifadhi ya jamii inaonyesha jumla ya mapato ya kila mwaka, bila majina.

Kazi za kulipwa mkononi, kusuka nywele nyumbani, kulea watoto wa jirani, kufagia ofisi za mtu usiku, nazo ni kazi. Usizifiche. Kama hazikulipiwa kodi, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma chochote, maana kodi inaweza kurekebishwa kabla ya maombi, na hilo ni bora mara mia kuliko kuulizwa wakati mkono uko juu.

Kwa anwani, vyanzo ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Ripoti ya mikopo, ambayo kila mtu ana haki ya kuipata bure, huorodhesha anwani za nyuma. Shule za watoto zinaweka tarehe ya kuandikishwa na anwani ya mzazi. Kliniki huuliza anwani kila ziara. Kampuni ya bima ya gari huandika mahali gari linapolala. Benki, bili za umeme, leseni ya udereva, zote zinazungumza. Na zile stakabadhi za kutuma pesa nyumbani, tunazokusanya kwa ajili ya kumwonyesha shangazi kuwa kweli tulituma, tumekwisha kuona zilivyomsaidia yule mama.

Kuna mtego mmoja mdogo unaowanasa wengi, na dakika moja inatosha kuueleza. Wamarekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Sisi tunasema tarehe saba mwezi wa tatu, tunaandika 7/3. Fomu yao inasoma hapo tarehe 3 Julai. Mtu mmoja anaweza kuhama nyumba kabla hajaingia, au kuanza kazi akiwa bado kambini, kwa kugeuza namba mbili tu. Andika majina ya miezi kwenye daftari lako, Machi, Julai, halafu uhamishe kwenye fomu ukiwa umetulia.

Kuhama kwenyewe kuna sheria yake. Mwenye grini kadi anatakiwa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 baada ya kubadilisha makazi, kwa fomu AR-11. Ni bure na inajazwa mtandaoni kwa dakika chache. Kubadilisha anwani posta hakutoshi, hizo ni ofisi mbili tofauti. Tunakiri kwamba wengi wetu hatukuambiwa, au tuliambiwa wiki ya kwanza pamoja na mambo mengine hamsini, wakati bado tunajifunza kuwasha jiko. Aliyehama mara nne bila kuarifu aijaze sasa kwa anwani ya leo, na kwenye N-400 aziandike zote nne. Kuficha nyumba tatu ili orodha ifanane na ile ya idara ni kugeuza uzembe kuwa uongo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanasema juu ya duka, nasi tunaichukua hivyo hivyo. Nunua daftari la dola moja. Ukurasa wa kwanza uwe wa nyumba, ukurasa wa kati wa kazi, na nyuma uandike safari za nje ya nchi, siku ya kutoka na siku ya kurudi, kwa kuwa nazo zinaulizwa, hata ya saa 24. Anayekwenda Bujumbura au Mombasa kuuguza mzazi akumbuke kuwa safari inayozidi miezi 6 inaweza kumkatizia hesabu ya ukazi, na ya mwaka mzima huikata. Daftari liwe na nakala kwenye simu. Picha ya W-2, picha ya ukurasa wa kwanza wa mkataba wa pango, picha ya hati ya mshahara ya kwanza na ya mwisho kwa kila mwajiri. Nyumba huungua, simu huibiwa, vyote viwili kwa pamoja ni nadra.

Wenzetu wa Kanada wasidhani haya hayawahusu. Huko mwombaji anatakiwa awe amekaa nchini siku 1,095 ndani ya miaka 5, na fomu inataka anwani, kazi na masomo ya kipindi hicho bila pengo. Daftari ni lile lile.

Kama mtu auchukue uraia wa ugenini au asiuchukue, hatumwamulii. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Sheria ya Tanzania haiuruhusu kwa mtu mzima, na katiba ya Kongo ya 2006 inasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine. Hayo ni mazungumzo ya kila nyumba, na yafanyike kabla ya fomu. Tunachosema ni kwamba aliyeamua kuomba asikwame kwa karatasi. Tangu Aprili 2024 ada ni dola 760 kwa fomu ya karatasi na 710 kwa mtandao, na wenye kipato cha chini huweza kuomba kulipa 380 au kusamehewa kabisa. Kwa mtu wa zamu ya usiku, dola 710 ni siku nyingi za mgongo. Hazifai kuwekwa mikononi mwa mtu anayesema hawaangalii.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, na tunawaomba watu kwa vyeo vyao. Mashirika ya kupokea wakimbizi yaipe kila familia, siku ya kwanza, karatasi yenye anwani kamili na tarehe ya kuingia, na yawaambie waitunze pamoja na grini kadi. Mawakala wa ajira wampe kila anayeondoka barua ya mistari mitatu: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Hakuna gharama humo. Wachungaji, maimamu na wenyeviti wa jumuiya watenge Jumamosi moja kila Februari, W-2 zikiwa zimefika, vijana waje na simu zao na mashine ya kunakili, kila mzee aondoke na bahasha yake imepangwa. Na yule anayewajazia wengine fomu kwa malipo bila kuwa wakili wala mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria aache, kwa kuwa jina lake halimo kwenye fomu na siku ya usaili hayupo chumbani. Wawakilishi walioidhinishwa wapo katika mashirika mengi yasiyo ya faida, na ada zao ni ndogo.

Vijana, mna kazi kubwa kuliko wote. Nyinyi ndio mnaokaa mbele ya kompyuta. Mama akikujibu kwamba mlihama wakati mdogo wako anaanza kukaa, usimwambie hakumbuki. Chukua kadi ya chanjo, uhesabu.

Nawe msomaji uliyeingia nchi hii mwaka jana, au mwezi jana, kabla hujalala leo andika mahali pamoja anwani ya nyumba unayolala, namba ya apatimenti, msimbo wa posta na tarehe uliyoingia. Chini yake andika jina la mwajiri kama lilivyo kwenye hati ya mshahara, na siku uliyoanza. Weka karatasi hiyo pamoja na grini kadi, au kama bado hujaipata, pamoja na karatasi uliyopewa uwanja wa ndege.